Somo: Kuendesha lori la gia otomatiki likiwa na mzigo

Wakuu, habari za kazi. Ukitoka kwenye manuali ukakabidhiwa lori la otomatiki, maelezo utakayopewa huwa mafupi: weka D, kanyaga mafuta, nenda. Lori likiwa tupu yanatosha. Pakia tani 30, weka mlima mbele na foleni juu ya huo mlima, ndipo utajua hukuelezwa kitu.

Nasema mapema ninachoamini, anayetaka kubisha abishe kuanzia hapa: giaboksi inajua uzito, mwendo, na mguu wako umekanyaga kiasi gani. Haijui tope lililoko bondeni wala lori lililokwama nyuma ya kona. Hayo unayaona wewe, kwa hiyo kazi ya kuchagua gia haijakutoka.

Hatua ya 1: Jua ni giaboksi gani umekalia

Zote tunaziita otomatiki, ila kuna aina mbili zisizofanana. Ya kwanza ina toki konveta: kati ya injini na gia hakuna sahani ya klachi, kuna mafuta yanayorushwa na feni moja ili yaizungushe ya pili. Allison ndilo jina utakalolikuta sana, hasa kwenye magari ya taka, zimamoto na mikseri za zege. Ya pili ni giaboksi ya meno kama ya manuali, yenye klachi kavu, ila klachi na gia vinaendeshwa na kompyuta. Volvo I-Shift, Scania Opticruise, Mercedes PowerShift na ZF TraXon ziko kundi hili, nyingi zikiwa na gia 12 za mbele.

Kuzitofautisha: simama mahali tambarare, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), weka D, achia breki taratibu. Ya toki konveta itaanza kutambaa yenyewe. Ya klachi kwa kawaida inakusubiri ukanyage mafuta. Baadhi ya mpya nazo zimewekewa kutambaa, kwa hiyo hakikisha kwenye kitabu cha gari.

Hatua ya 2: Kuondoka mlimani

Hapa ndipo klachi nyingi zinapofia. Mwaka wangu wa kwanza na otomatiki nilikuwa kwenye foleni ya mwinuko, tela imejaa saruji. Foleni ikisogea nusu mita, nasogea. Ikisimama, nalishikilia lori kwa mafuta kidogo kidogo, lisirudi wala lisiende. Nilijiona fundi kwelikweli. Utingo akaanza kunusanusa, akauliza kama kuna mtu anachoma matairi karibu. Dashibodi ikawaka alama ya klachi. Muda wote ule sahani ilikuwa inateleza, kompyuta inahangaika kunitii.

Fanya hivi:

1. Ukisimama, shikilia kwa breki. Mafuta si breki. Foleni ikikaa, vuta hendibreki.
2. Usifukuzie kila nusu mita. Acha mbele pafunguke kama urefu wa lori lako, kisha ondoka mara moja ili klachi ifunge kabisa.
3. Tazama gia uliyochaguliwa. Ikiwa imekuwekea ya 3 na macho yako yanaona ukuta, shusha kwa mkono hadi ya 1. Ukiwa na gia ya kutambaa (ndogo kuliko ya 1), ndiyo siku yake.
4. Ukiachia breki, kanyaga mafuta bila kusitasita. Kifaa cha kuzuia lori lisirudi nyuma kinashikilia breki kwa sekunde chache tu.

Alama ya klachi ikiwaka, una njia mbili: ongeza mwendo mpaka klachi ifunge, au simama. Katikati ya hizo mbili ndipo inapoungua.

Wenye toki konveta msicheke. Ninyi hamna sahani ya kuunguza hapo, lakini ukilishikilia lori kwa mafuta, nguvu yote ya injini inaishia kuwa joto ndani ya mafuta ya gia.

Hatua ya 3: Kupanda

Giaboksi ya klachi inapobadili gia, kuna kipande cha muda ambacho injini haivuti. Tambarare huwezi hata kukisikia. Mlimani na mzigo, kinakula mwendo uliokuwa nao, na gia iliyochaguliwa inakuta mambo yameshaharibika. Inashusha tena, lori linapoteza mwendo tena. Dawa yake: ukiwa bado chini, hamia M (unachagua gia mwenyewe), shusha gia mapema mwendo ukiwepo, uiache hapo. Injini kubwa za dizeli za siku hizi zinavuta kwa nguvu zaidi kati ya mizunguko kama 1,000 na 1,400 kwa dakika, hivyo ukiona iko 1,100 na lori linapanda bila kulegea, usiiguse.

Toki konveta haikatiki hivyo. Wewe sikiliza lokapu: utahisi kama gia imebadilika, ila namba kwenye skrini ni ileile. Maana yake feni zimefungwa pamoja na hakuna mtelezo. Mlima mrefu ukiona lokapu imeachia na hairudi, shusha gia.

Hatua ya 4: Kushuka

Uamuzi unafanyika kabla ya kilele. Chagua mwendo, chagua gia, weka M, washa ekzosi breki au ritada (vizuia mwendo visivyotumia breki ya mguu), ndipo uingie mteremkoni. Gia iwe ndogo kuliko uliyopandia mlima wa namna hiyo. Breki ya injini inataka mizunguko: ikiwa 1,100 inakukohoza tu, ikiwa 1,800 na kuendelea, bila kuingia kwenye nyekundu, ndipo inapokamata.

Breki ya mguu inakuja kusaidia. Tuseme mwendo wako salama ni 40. Lori likifika 40, kanyaga kwa uhakika mpaka 32, achia kabisa. Likirudi 40, rudia. Ukiiegemea breki kilomita nzima, ngoma zinatanuka kwa joto na kuvikimbia viatu vya breki, na utakanyaga mpaka sakafuni bila jibu.

Frii (yaani N, bila gia) ni marufuku. Ukiwa frii unaipoteza breki ya injini, na mwendo ukishapanda, giaboksi inaweza kukukatalia gia ndogo ili kuilinda injini. Barabara ikiteleza na tela likiwa tupu, zima ritada, kwa sababu inashika matairi ya difu (yanayozungushwa na injini) peke yake na tela linaweza kukupita.

Hatua ya 5: Joto

Kwa toki konveta, mafuta ya gia yakichemka, usizime injini haraka. Simama mahali salama, vuta hendibreki, weka N, ongeza mizunguko hadi 1,200 au 1,500. Pampu itayapitisha mafuta kwenye kipoozeo, na ndani ya dakika 2 au 3 mshale unatakiwa kushuka. Usiposhuka, ita fundi.

Tope: washa difu loki (inayofanya matairi ya pande mbili yazunguke pamoja) kabla ya kuingia, chagua gia kwa mkono usiibadilishe, na mguu usiobadilika. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani. Lori langu lenyewe linaingia frii kwenye mteremko mdogo, na muuzaji alisema ni sifa. Mbona wewe umepiga marufuku?

Jibu: Swali zuri. Hiyo imewekwa kwa ajili ya kuokoa mafuta kwenye miteremko ya kulala. Kompyuta inausimamia mwendo, na ukigusa breki inarudisha gia. Wewe ukitia N kwa mkono hakuna anayesimamia. Mteremko mkali na mzigo, weka M na hiyo sifa itulie.

Swali: Tipa likikwama nalitoa kwa D, R, D, R. Bosi anasema naua gia. Ni kweli?

Jibu: Bosi yuko sahihi ikiwa unabadilisha matairi yakiwa bado yanazunguka. Achia mafuta, matairi yasimame kabisa, ndipo ubadili upande. Raundi mbili tatu zikishindwa, chukua koleo.

Swali: Nikishusha mzigo, kilomita za mwanzo gia zinachaguliwa kama bado nimebeba. Ni ubovu?

Jibu: Hapana. Kompyuta inakadiria uzito kwa kuangalia lori linavyoitikia injini, kwa hiyo inahitaji kuondoka mara chache ndipo ijue. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi: umetoka kupakia, nayo inadhani uko tupu, inakupa gia kubwa. Hapo ingilia kwa mkono.

Swali: Kaka, mimi miaka sita ni D tu, milima yote, na sijawahi kubadilisha klachi.

Jibu: Hongera, sikukatalii. Malori mengine mapya yanasoma ramani na kushusha gia kabla ya mlima, labda lako ni mojawapo. Ila nasisitiza kushuka: hata huko unaacha D ichague?

Swali: Huko natumia M, mkuu. Hiyo sikuitaja.

Jibu: Haya, tumeelewana.

Swali: Likizimika njiani, naweza kulivuta matairi ya difu yakiwa chini?

Jibu: Fungua propela (shafti inayotoka giaboksi kwenda difu) kwanza, au chomoa ekseli shafti. Kwenye toki konveta pampu ya mafuta inazungushwa na injini, na injini ikiwa imezima, giaboksi inazunguka kavu. Kwa hiyo hata kulisukuma ili liwake haiwezekani. Kabla ya kugusa boliti, weka vigingi kwenye matairi. Na ipige propela alama ya chaki ili irudi kama ilivyokuwa, la sivyo itakutetemesha safari nzima.