Kufunga bomba la pazia kwenye nafasi finyu

Dirisha lililo katikati ya ukuta mpana halimsumbui mtu: breketi mbili, skrubu nne, umemaliza. Tabu huanza dirisha likiwa limebanwa. Kushoto kona, kulia kabati, na juu yamebaki mapana ya vidole vitatu kufika darini. Hapo wengi huchagua breketi kwa macho, wakarudi nazo nyumbani, ndipo wanapogundua kwamba drili haiingii. Mimi siku hizi naanza na drili.

Hatua ya 1: Pima, kisha ijaribu drili ikiwa imezimwa

Kama bomba litatoka ukuta hadi ukuta, usipime chini kwenye kizingiti halafu ukadhani juu ni vilevile. Pima palepale bomba litakapokaa, kwa urefu huohuo na kwa umbali huohuo kutoka kwenye kioo. Kona chache sana zimenyooka. Tofauti ya milimita 8 kati ya juu na chini ni ya kawaida, na milimita 8 zinatosha kulifanya bomba ligome kuingia au lichezecheze.

Sasa chukua drili, ichomoe kwenye umeme, weka biti, kisha gusisha ncha yake pale skrubu inapotakiwa kuingia. Je, tumbo la drili limegota kwenye ukuta wa pembeni au dari? Kwa drili nyingi, ncha huishia sentimita 3 au 4 kabla ya kona. Ukilazimisha, tundu linaingia kimshazari, fisha (kile kiplastiki kinachoishika skrubu ndani ya tundu) inafuata mshazari huo, na kichwa cha skrubu kinaikalia breketi upande mmoja. Kuna kichwa cha pembe kinachofungwa mbele ya drili ili biti igeukie pembeni. Kwa mbao kinafaa sana. Kwa zege sikipendi, maana vingi havikutengenezwa kubeba mapigo ya drili inayogonga kama nyundo.

Hatua ya 2: Chagua kishikizo kulingana na ukuta unaofikika

Swali ni moja tu: drili imeweza kuelekea moja kwa moja, bila mshazari, kwenye uso upi?

Ikiwa ni kuta za pembeni, tumia vikombe, yaani vile visahani vyenye mdomo ambavyo ncha za bomba hukaa ndani yake. Kwa nafasi finyu sijaona kinachovishinda. Havihitaji nafasi ya vichwa vya urembo vinavyovikwa kwenye ncha za bomba, na uzito wa pazia unazikandamiza skrubu kwenda chini badala ya kuzichomoa. Ila angalia aina. Kuna kikombe kilichozibwa duara zima, na kuna kilicho wazi juu kama herufi U. Niliwahi kufunga viwili vilivyozibwa, nikavikaza barabara, nikachukua bomba… halina pa kupitia. Nimesimama juu ya ngazi, pazia begani, mwenye nyumba ananitazama. Funga kilichozibwa upande mmoja na cha U upande wa pili. Ukikosa cha U, vivishe vikombe vyote viwili kwenye bomba kwanza, kisha ufunge vyote kwa pamoja, na hapo uwe na mtu wa kukushikia.

Ikiwa ni dari pekee, kuna breketi za dari au reli nyembamba yenye vigurudumu. Huko skrubu inavutwa moja kwa moja kwenda chini, kwa hiyo usiiamini jipsamu tupu. Tafuta mbao au chuma kilichoishikilia: pitisha sumaku ndogo polepole chini ya dari, itanasa kwenye vichwa vya skrubu, na mstari wa skrubu hizo ndio mstari wa fremu. Pasipo na fremu, tumia boliti zenye mabawa yanayofunguka juu ya jipsamu, na hata hivyo kwa pazia jepesi tu. Piga hesabu ya uzito: kitambaa cha gramu 250 kwa mita ya mraba, chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 2.2, kina karibu kilo 1.65 kabla hujaongeza pete na bomba, wala mtoto hajaning'inia.

Ikiwa hutaki au huruhusiwi kutoboa, kuna bomba la springi linalojikaza lenyewe kati ya kuta mbili. Linafaa kwa kitambaa chepesi na upana mdogo. Ukuta wenye rangi inayoteleza litauteremka taratibu usiku hadi ulikute sakafuni asubuhi.

Hatua ya 3: Kata bomba

Toa kwenye kipimo chako unene wa migongo ya vikombe vyote viwili, kisha punguza milimita 2 au 3 nyingine za kupumulia. Zungushia tepu ya karatasi pale pa kukatia. Inauongoza msumeno na kuzuia rangi isibanduke. Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo huku ukilizungusha bomba, usikate upande mmoja hadi mwisho. Halafu piga tupa ndani na nje ya mdomo. Ukiacha makali, pete zitakwaruza na kitambaa kitanyofoka nyuzi.

Hatua ya 4: Weka alama na utoboe

Kwa kikombe cha pembeni, bomba liwe sentimita 7 hadi 8 kutoka kwenye kitu kilichochomoza zaidi, ambacho mara nyingi ni kitasa cha dirisha na si kioo. Pazia la matundu makubwa ya pete hujikunja mawimbi mapana, liongezee kidogo. Weka alama upande mmoja, kisha hamishia upande wa pili kwa pima maji iliyolazwa juu ya bomba lenyewe. Usipime kutoka darini. Dari nayo ina mteremko wake.

Usitoboe sambamba na swichi au soketi, juu yake wala chini yake, maana nyaya hupita humo.

Kwa fisha ya milimita 6, tumia biti ya milimita 6 na skrubu ya 4 hadi 5. Tundu lizidi urefu wa fisha kwa sentimita moja ili vumbi lipate pa kukaa. Zungusha kipande cha tepu kwenye biti kuonyesha kina, na ubandike bahasha iliyo wazi chini ya tundu ikinge vumbi. Plasta ikiwa nene, sukuma fisha ndani hadi ifike kwenye tofali au zege. Fisha iliyokaa ndani ya plasta peke yake hutoka na bonge zima.

Juu ya dirisha kuna linta, yaani boriti ya zege inayobeba ukuta, na ndani ya linta kuna nondo. Biti ikigoma ghafla na sauti ikageuka ya chuma, acha. Pandisha au teremsha alama sentimita 2 au 3, na ufanye hivyohivyo upande wa pili hata kama ule tayari umeshatoboka. Tundu la zamani utaliziba.

Hatua ya 5: Tundika

Pete zote ziingie kwenye bomba kabla halijapanda. Likishakaa ukuta hadi ukuta hakuna pa kuzipitishia. Kaza skrubu kwa bisibisi ya mkono mizunguko ya mwisho, kwani drili huizungusha fisha ndani ya tundu na kuilegeza. Upana ukizidi mita 1.5 weka kishikizo cha katikati, na hakikisha kila pazia lina pete zake upande wake, kwa sababu pete za kawaida hazivuki pale.

Mwisho, vuta pazia kwa nguvu ya kawaida, mara kumi, ukitazama vikombe badala ya kitambaa. Ukiona kimoja kinacheza hata unywele, kitoe. Weka fisha nene zaidi, usiibane ileile na kijiti cha kiberiti.