Somo: Kulinganisha washambuliaji wawili wa hoki ya barafuni kwa takwimu za kina

Msimu wa 2023-24 wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, Nikita Kucherov wa Tampa Bay Lightning alimaliza na pointi 144 katika mechi 81: mabao 44 na pasi za mabao 100. Nathan MacKinnon wa Colorado Avalanche alipata 140 katika mechi 82: mabao 51, pasi 89. Kucherov akachukua Art Ross, tuzo ya anayeongoza kwa pointi. MacKinnon akapewa Hart, tuzo ya mchezaji mwenye manufaa makubwa kuliko wote kwa timu yake. Tuzo mbili kubwa, watu wawili, na mabishano hayajaisha.

Mimi nikiulizwa nani zaidi, kwanza nauliza pointi hizo zilipatikana katika dakika zipi na akiwa na nani. Somo lote linatoka kwenye swali hilo.

Hatua ya 1: Tenga hali za mchezo

Mechi ya hoki ina dakika 60, na sehemu kubwa yake huchezwa watano kwa watano, ukiacha makipa. Mchezaji akifanya kosa dogo anakwenda benchi la adhabu dakika 2, na wapinzani wanabaki na mtu wa ziada. Hapo kufunga ni rahisi zaidi. Kwenye muda wa nyongeza wa msimu wa kawaida, tangu 2015, wanacheza watatu kwa watatu, barafu iko wazi kabisa.

Ukizichanganya pointi za hali zote hizo unalinganisha vitu visivyofanana. Kocha ndiye anayeamua nani aingie timu ikiwa na mtu wa ziada, na mshambuliaji aliyenyimwa nafasi hiyo hana kosa. Anza na watano kwa watano peke yake. Za mtu wa ziada ziandike kwenye safu ya pili, usizitupe, maana nazo ni ustadi.

Hatua ya 2: Geuza jumla kuwa kiwango cha kila dakika 60

Zidisha pointi kwa 60, kisha gawa kwa dakika alizokuwa barafuni. Tuseme mshambuliaji wa kwanza ana pointi 45 katika dakika 1,200 za watano kwa watano: anapata 2.25. Wa pili ana pointi 40 katika dakika 960: anapata 2.5. Kwenye jedwali la kawaida wa kwanza yuko juu. Kwa kila dakika anayopewa, wa pili ndiye anayezalisha zaidi.

Hapohapo tenga pasi. Bao moja linaweza kuwapa pasi watu wawili, na zote zinahesabiwa pointi moja sawasawa. Pasi ya mwisho kabla ya bao inamwonyesha mchezaji vizuri kuliko ile iliyoitangulia, ambayo mara nyingine ni kusukuma paki tu (kile kisahani kinachochezewa) kutoka nyuma. Mimi huhesabu mabao na pasi za mwisho kwanza.

Hatua ya 3: Angalia timu inafanya nini yeye akiwa barafuni

Hapa ndipo penye utamu, tukae kidogo.

Mabao ni machache. Mashuti ni mengi, na penye wingi ndipo takwimu inapotulia. Corsi huhesabu majaribio yote ya kupiga langoni: yaliyolenga, yaliyotoka nje na yaliyozuiwa na miili ya mabeki. Jina linatoka kwa Jim Corsi, aliyekuwa kocha wa makipa wa Buffalo Sabres. Fenwick ni hesabu ileile bila mashuti yaliyozuiwa.

Chukua majaribio ya timu yake akiwa barafuni, gawa kwa majaribio ya timu zote mbili. Yakiwa 55 kwa 45, ana asilimia 55. Usishangilie bado. Angalia timu inapata ngapi yeye akiwa benchi. Ikiwa nako ni 55, basi timu ndiyo inayombeba. Ikiwa inashuka hadi 48, huyo mtu ana uzito.

Kisha nenda kwenye mabao tarajiwa. Kila shuti hupewa uwezekano wa kuwa bao kulingana na umbali, pembe, aina ya shuti na kama ni paki iliyorudi baada ya kipa kuokoa. Mshambuliaji anayepiga mara nyingi kutoka mbali atapendeza kwenye Corsi, ila mabao tarajiwa yatasema ukweli wake. Natural Stat Trick na MoneyPuck wanatoa namba hizi bure, lakini kila tovuti ina fomula yake. Namba za wachezaji wote wawili zichukue mahali pamoja.

Hatua ya 4: Pima bahati

William Karlsson alifunga mabao 43 akiwa na Vegas Golden Knights msimu wa 2017-18, kwa mashuti 184. Hiyo ni asilimia 23.4, na ni wachache mno wanaoweza kudumu hapo. Msimu uliofuata alifunga 24. Hakusahau kucheza, mashuti yaliacha kuingia kwa wingi ule tu.

Kwa hiyo linganisha asilimia ya mashuti ya kila mmoja na wastani wake mwenyewe wa miaka kadhaa. Tazama pia PDO: asilimia ya mashuti ya timu inayogeuka mabao akiwa barafuni, ukijumlisha na asilimia ambayo kipa wake anaokoa. Kwa ligi nzima jumla ni 100. Aliye mbali juu ya 100 mara nyingi atashuka, ingawa timu yenye kipa hodari inaweza kukaa juu kidogo kwa muda mrefu.

Hatua ya 5: Mazingira

Anaanzia wapi zamu zake, karibu na lango la wapinzani au karibu na lango lake? Anacheza na nani? Tazama namba zake akiwa na mwenzake maarufu, halafu bila yeye. Na kumbuka kwamba timu iliyo nyuma hupiga mashuti mengi zaidi, hivyo tumia namba zilizorekebishwa kwa hali ya matokeo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona hukutaja ile ya kujumlisha na kutoa? Runingani wanaitaja kila siku.*

Nimeiacha makusudi, ndugu yangu. Hesabu hiyo humwongezea mchezaji moja timu yake ikifunga akiwa barafuni, na kumtoa moja ikifungwa. Alex Ovechkin aliongoza ligi kwa mabao 51 msimu wa 2013-14, akamaliza na hasi 35. Mabao ya kufunga ukiwa na mtu wa ziada hayaingii kwenye hesabu hiyo, na makosa ya kipa wako unayabeba wewe.

*Senta na winga wanalinganishika kweli?*

Katika kushambulia, ndiyo. Ila senta hugombea paki mwamuzi anapoiachia, na hushuka chini kulinda. Mlinganishe na masenta wenzake kwanza, ndipo umlete kwa winga.

*Sasa kaka, Kucherov au MacKinnon? Usitukwepe.*

Kwangu ni MacKinnon, kwa tofauti ndogo. Alipiga mashuti zaidi ya 400 msimu ule, kwa hiyo mabao yake 51 hayakuhitaji asilimia ya ajabu, na ni senta. Anayethamini pasi kuliko mabao atamchagua Kucherov, na sitamlaumu.

*Nisubiri mechi ngapi kabla ya kuziamini namba?*

Corsi huanza kueleweka baada ya mechi 20 hadi 25. Asilimia ya mashuti haitulii hata baada ya msimu mzima. Mimi hutazama misimu mitatu. Ukiwa na mechi kumi tu mkononi, angalia dakika na majaribio ya mashuti, mabao yaache kwanza.