Pikipiki mpya: bima ipi ukate, na nini cha kusoma kabla hujalipa

Pikipiki nyingi mpya hutoka dukani zikiwa tayari zina bima, na gharama yake imo ndani ya bei. Mnunuzi anawasha chombo na kuondoka bila kujua amekatiwa bima gani. Stika itamvusha kwa trafiki, lakini haimwambii kama atalipwa pikipiki ikiibwa usiku huohuo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, pima kwanza hasara ipi ikikupata kesho huwezi kuibeba kwa mfuko wako. Jibu hilo ndilo linalochagua bima.

Tanzania Bara, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha bima ya mtu wa tatu, ile tuliyoizoea kwa jina la bima ndogo. Hii hulipa madhara uliyowasababishia wengine: mama uliyemgonga kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, au mlango wa gari uliouponda. Pikipiki yako haimo, na mguu wako uliovunjika haumo. Ngazi ya pili ni mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Ya tatu ni bima kubwa, inayoongeza uharibifu wa pikipiki yako mwenyewe kwenye ajali, hata kama kosa ni lako.

Watu huiruka ile ya katikati, na hilo ni kosa. Pikipiki ikianguka, kinachovunjika mara nyingi ni indiketa, kioo cha pembeni, hendo la breki, pengine foku ikapinda. Matengenezo ya aina hiyo kwa fundi wa mtaani huishia chini, au juu kidogo tu, ya kile kiasi ambacho mkataba unakutaka ubebe mwenyewe kwenye kila dai. Chukua mfano: mkataba unasema utabeba asilimia 10 ya dai, lakini isipungue shilingi 200,000. Fundi anataka 260,000. Asilimia 10 yake ni 26,000 tu, ila kiwango cha chini kinakubana, hivyo kampuni inakulipa 60,000. Kwa pikipiki, basi, bima kubwa inaonyesha faida yake chombo kikiharibika chote au kikiibwa. Kama kampuni inauza ya moto na wizi kwa bei iliyo chini sana ya bima kubwa, na unalaza pikipiki mahali ambapo wizi ndio hofu yako kuu, chukua hiyo. Bima kubwa inafaa zaidi kwa anayekimbia barabara kuu zenye malori kila siku, na kwa mwenye pikipiki moja tu inayolisha nyumba. Ulizia kampuni zaidi ya moja, maana si zote zinazokubali bodaboda kwenye bima kubwa.

Aliyechukua pikipiki kwa mkopo kwa kawaida hana nafasi ya kuchagua: mkopeshaji hudai bima kubwa na jina lake liandikwe kwenye mkataba kama mwenye haki ya kulipwa kwanza. Pikipiki ikiibwa, fidia inalipa deni lake kwanza, wewe unapata kinachobaki. Dai nakala ya mkataba wa bima, kwa sababu ada unailipa wewe.

Kipengele kinachoua madai mengi ni matumizi. Fomu inauliza: binafsi au biashara? Binafsi ni nafuu, na mawakala wengine huijaza hivyo ili bei ivutie. Ukibeba abiria kwa malipo au ukisambaza chakula na vifurushi, hiyo ni biashara. Ukipata ajali na abiria mgongoni huku mkataba unasema binafsi, kampuni ina sababu ya kukataa dai. Tena kwenye bima ya binafsi, mtu uliyempakia anaweza asiwemo kabisa kwenye kinga. Uliza moja kwa moja kama abiria amelindwa, na jibu ulione kwenye karatasi.

Leseni nayo iangaliwe mapema. Daraja A1 ni la pikipiki za injini ndogo, zisizozidi cc 125. Mwenye A1 anayenunua pikipiki ya cc 150 anahitaji daraja A. Kama pikipiki utampa dereva, leseni inayotazamwa siku ya ajali ni yake. Piga picha leseni yake na ujue inaisha lini.

Kwenye thamani, andika bei halisi ya kuinunua leo, pamoja na vitu ulivyofunga kama vimo kwenye risiti. Kushusha thamani ili ada ipungue kunakurudia. Tuseme pikipiki ya shilingi 3,000,000 umeiandikisha kwa 2,000,000. Mkataba wenye kipengele cha mgawanyo utasema umekatia bima theluthi mbili tu. Hasara ya 600,000 italipwa 400,000, kisha sehemu yako ya kubeba inakatwa hapohapo. Kuipandisha nako hakusaidii, kwa kuwa pikipiki ikipotea yote hulipwa thamani ya soko ya siku hiyo. Kila mwaka unapohuisha, shusha thamani ilingane na soko; vinginevyo unalipa ada ya fedha ambayo hutapewa.

Sehemu ya wizi isome mstari kwa mstari. Mambo matatu huwashtua watu. Kwanza, kiasi unachobeba mwenyewe kwenye wizi kinaweza kuwa kikubwa kuliko cha ajali. Pili, funguo: kampuni huomba funguo zote mbili, na pikipiki iliyoachwa na ufunguo kwenye swichi ni dai dhaifu. Ule wa akiba usimpe dereva, uweke nyumbani. Tatu, na hili linawahusu matajiri wa bodaboda, yaani wenye pikipiki wanaowapa madereva waendeshe, mikataba mingi haihesabu kuwa wizi pale dereva uliyemkabidhi pikipiki kwa hesabu anapotoweka nayo. Wewe ulimwamini, ukampa kwa hiari. Uliza kama kinga hiyo inaweza kuongezwa. Kama haiwezekani, kifaa cha kufuatilia pikipiki kwa simu, mkataba wa maandishi na wadhamini wawili wa dereva vitakufaa kuliko kuongeza ada.

Vingine vinavyofungia dai ni ulevi, kupakia mshikaki (abiria zaidi ya mmoja) na kubeba mzigo unaozidi uwezo wa chombo.

Mwili wako ni jambo la pembeni kwenye bima zote tatu, na hapo ndipo bodaboda wanaumia zaidi. Omba nyongeza ya ajali binafsi kwa dereva, na kwa abiria ikiwezekana. Tazama viwango vitatu: kifo, ulemavu wa kudumu, matibabu. Kiwango cha matibabu ndicho utakachokihitaji mara nyingi zaidi, kwa hiyo usikubali nyongeza ambayo kifo kinalipwa vizuri na matibabu kidogo mno.

Siku ya kukata, beba kadi ya pikipiki, kitambulisho, namba ya TIN, leseni na risiti ya ununuzi. Jina kwenye kadi na jina kwenye bima yafanane. Pikipiki ambayo kadi yake bado ina jina la aliyekuuzia ianze kwanza na kubadilisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato. Uliza kama bei uliyotajiwa ina VAT ndani, maana VAT ikiwa asilimia 18, ada ya 100,000 inatoka 118,000. Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni au ya wakala aliyesajiliwa, si kwa simu ya mtu binafsi anayekusubiri nje ya ofisi. Kinga huanza malipo yakikamilika. Ahadi ya "nitalipa Ijumaa" haina kinga.

Usiondoke kabla ya kuhakiki. Ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, tiramis.tira.go.tz, weka namba ya usajili au ya stika, uone kama taarifa zinatokea. Linganisha herufi kwa herufi: namba ya usajili, namba ya chesisi, aina ya bima, matumizi, tarehe ya kuanza na kuisha. Herufi moja ikikosewa, irekebishwe palepale, kwa sababu baada ya ajali marekebisho yatatiliwa shaka. Kisha omba mkataba wenyewe, kwa maana stika haibebi masharti.

Ikitokea ajali, toa taarifa polisi, majeruhi apate PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), piga picha vyombo vikiwa vilipoangukia, na uijulishe kampuni mara moja. Usikubali kosa wala kuahidi fidia barabarani, kwani kampuni inaweza kuikataa ahadi uliyoitoa bila idhini yake. Usianze matengenezo kabla ya mkaguzi wao kuona uharibifu. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi zikitaja kipengele cha mkataba. Ukiona hazina msingi, barua hiyo ipeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, pamoja na mkataba na risiti ya ada.