Kutoka Lubumbashi Kwenda Kuona Wanyama na Maporomoko ya Zambia: Mwongozo wa Safari

Mkaaji wa Lubumbashi anayetamani kuwaona tembo, simba na maporomoko makubwa ya maji kwa macho yake hana haja ya kupanda ndege. Mpaka wa Kasumbalesa uko kilomita zipatazo 90 kutoka mjini, na ng'ambo yake ni Zambia, nchi ambayo wengi wetu tunaijua kwa unga wa mahindi, magari na bidhaa za dukani kuliko tunavyoijua kwa wanyama wake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia au kikundi cha marafiki wanaotaka kwenda kutembea tu, wenye likizo ya wiki moja au mbili na fedha za wastani.

Msimu ndio uchague mahali

Wapangaji wengi huanza kwa kuorodhesha kila mahali penye sifa, kisha hujaribu kupabana pote ndani ya likizo moja. Zambia haikubali mpango wa namna hiyo, kwa kuwa kutoka Kasumbalesa hadi Livingstone, mji wa maporomoko, peke yake ni kilomita karibu 900 za barabara, na Hifadhi ya Luangwa Kusini iko upande mwingine kabisa wa nchi. Chagua sehemu moja kubwa, au mbili zilizo kwenye njia moja, na uangalie kwanza likizo yako inaangukia mwezi gani.

Majira ya Zambia ni yale yale ya jimbo letu la Haut-Katanga: mvua huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili, kisha kiangazi hutawala hadi Oktoba. Wakati wa kiangazi nyasi hukauka na kulala, madimbwi hukauka, na wanyama hulazimika kukusanyika penye maji yaliyobaki, kwa hiyo kuwaona huwa rahisi. Wakati wa mvua nyasi hupita kimo cha mtu, njia za ndani ya hifadhi hugeuka tope, na kambi nyingi hufungwa hadi maji yapungue.

Anayepata nafasi wakati wa likizo kubwa ya shule, Julai na Agosti, aielekee Hifadhi ya Kafue. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1950, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 22,400, karibu mara mbili ya hifadhi yetu ya Upemba, na hupokea wageni wachache ukilinganisha na ukubwa wake. Upande wake wa kaskazini kuna tambarare za Busanga, ambazo hufurika maji sehemu kubwa ya mwaka na kufikika kwa gari kuanzia takriban Julai hadi Oktoba. Huko simba na makundi ya swala wa majini huonekana katika uwanda usio na miti ya kuwaficha. Kwa ramani, mtu wa Lubumbashi angedhani njia fupi ni ile ya Chingola, Solwezi na Kasempa, lakini mwisho wake ni barabara ya vumbi inayohitaji gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne na dereva mwenye uzoefu. Kwa gari la kawaida ni afadhali kuzunguka kupitia Lusaka na Mumbwa, ambako lami hufika hadi ndani ya hifadhi kwenye daraja la Hook.

Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo David Livingstone aliyapa jina la Victoria, malkia wa Uingereza, alipofika mwaka 1855, yana upana wa mita zipatazo 1,700 na kina cha zaidi ya mita 100, nayo yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1989. Hapa ndipo msimu unapowaangusha watu. Mto Zambezi hujaa sana mwezi wa Aprili na Mei, baada ya maji ya mvua kusafiri polepole kutoka chanzo chake, na wakati huo manyunyu huwa mazito kiasi kwamba anayevuka daraja la miguu mbele ya maporomoko hulowa kana kwamba ametumbukizwa mtoni. Aje na koti la mvua, na simu yake iwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Kufikia Oktoba na Novemba upande wa Zambia hubaki na mwamba mkavu mahali pengi, kwa sababu mikondo yenye kina zaidi iko upande wa Zimbabwe. Anayeenda miezi hiyo akitarajia ngurumo ya maji atarudi akinung'unika, ingawa atakuwa ameuona vizuri umbo la korongo lenyewe. Kwa maoni yangu Juni ndio mwezi bora: maji bado ni mengi, na ukungu haukuzuii kuona.

Na anayeweza kusafiri kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Desemba, wakati wengine wanapokimbia mvua, aende Kasanka. Ni hifadhi ndogo, yenye kilomita za mraba 400 hivi, karibu na Serenje, kwenye njia ya kwenda Mansa. Katika miezi hiyo popo wala-matunda wanaokadiriwa kufika milioni 10 hukusanyika katika kipande kidogo cha msitu wa kinamasi, wakining'inia kwa wingi hadi matawi hukatika kwa uzito. Jua linapozama huruka wote pamoja na kutanda angani, na kabla ya mapambazuko hurejea. Wanachofuata ni matunda ya porini, yakiwemo masuku yale yale ambayo mama zetu huyapanga kwa mafungu kando ya barabara mvua zinapoanza. Baadhi ya popo hao waliofungwa vifaa vya setilaiti walifuatiliwa wakirudi Kongo, kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anayesimama pale jioni anawatazama wenyeji wenzake. Panda pia jukwaa la Fibwe lililojengwa juu ya mti, alfajiri ukungu ukiwa bado chini, umtafute nzohe, swala wa kinamasi ambaye ni vigumu kumwona kwingineko.

Luangwa Kusini ina sifa kubwa kwa chui, na huko ndiko mhifadhi wa wanyama Norman Carr alikoanzisha matembezi ya miguu ya kuwatazama wanyama. Panastahili safari yake peke yake. Usiibane pamoja na Livingstone katika likizo moja.

Karatasi za kukamilisha kabla ya kuondoka

Pasipoti halali ndiyo ya kwanza. Karatasi za mpakani zinazotumiwa na wachuuzi wa Kasumbalesa ni za kuvuka na kurudi karibu, hazikufikishi kwenye hifadhi. Kuhusu viza, masharti hutegemea uraia wako na aina ya pasipoti, na hubadilika. Ulizia konsulati ya Zambia iliyopo hapa Lubumbashi wiki kadhaa kabla ya safari, si siku ya safari mpakani. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi na wajomba, awe na barua ya idhini iliyothibitishwa na ofisi inayohusika.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huombwa kwa wanaotoka Kongo. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayekimbilia sindano usiku wa kuamkia safari atakuwa amechelewa; kwa upande mwingine, tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha yote, na wenye kadi za zamani hawana haja ya kuchanjwa tena. Mabonde ya Zambezi na Luangwa yako chini zaidi kuliko Lubumbashi, joto lake ni kali na malaria ipo, basi zungumza na daktari kuhusu dawa za kinga na ubebe chandarua.

Anayekwenda na gari lake atahitaji hati za gari kwa jina lake, au barua ya idhini ya mwenye gari, bima ya nchi jirani inayojulikana kama kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), kibali cha kuingiza gari kwa muda, na fedha za ushuru wa barabara na wa moshi wa gari. Angalia usizichanganye kadi mbili za njano, ya chanjo na ya bima: ziweke katika bahasha tofauti, maana kila dirisha mpakani huomba yake. Beba pia pembe tatu mbili za kuakisi mwanga, kwa kuwa polisi wa Zambia huzikagua.

Mpakani na barabarani

Ondoka Lubumbashi alfajiri. Malori ya shaba na kobalti hupanga foleni ndefu Kasumbalesa, na ingawa magari madogo huwa na njia yake, msongamano humgusa kila mtu. Ukishuka tu utazungukwa na vijana wanaojitolea kukusaidia: «Papa, lete pasipoti, nitakufanyia haraka.» Jibu lenye heshima linatosha: «Asante mwanangu, nitapanga foleni mwenyewe.» Usimpe pasipoti mtu ambaye hakai nyuma ya dirisha la ofisi, omba risiti kwa kila malipo, na hakikisha umegongewa muhuri wa kutoka Kongo na wa kuingia Zambia, kisha usome idadi ya siku ulizopewa kabla hujaondoka dirishani. Usipige picha mpakani, wala kwenye madaraja na vituo vya askari. Nguo zenye madoa ya kijeshi ziache nyumbani, hata za watoto.

Mara tu baada ya lango unahamia upande wa kushoto wa barabara. Wenye magari ya usukani wa kulia, ambayo si machache Lubumbashi, wataona nafuu. Wenye usukani wa kushoto wawe na mtu wa kuwatazamia mbele kila wanapotaka kulipita lori. Hatari hasa huja asubuhi ya pili, unapotoka kwenye kituo cha mafuta ukiwa na usingizi na mkono ukafuata mazoea ya nyumbani. Saa haibadiliki, kwa kuwa Lubumbashi na Lusaka zinafuata majira mamoja.

Usiendeshe usiku. Malori yaliyoharibika huachwa barabarani bila taa, na katika barabara ya Mumbwa inayopita ndani ya Kafue wanyama huvuka bila kumwomba mtu ruhusa. Wasafiri wa basi watabadilisha usafiri Chililabombwe au Kitwe kuelekea Lusaka, kisha wachukue basi la Livingstone asubuhi. Ni safari ya siku mbili, na kulala Lusaka ni busara.

Njiani kuna mahali pawili panapomhusu mtu wa Katanga. Magharibi mwa Chingola kuna Chimfunshi, makazi ya sokwe yaliyoanzishwa mwaka 1983 na David na Sheila Siddle; sokwe si wanyama wa asili wa Zambia, na wengi wa kwanza walinyang'anywa wawindaji haramu waliowatoa upande wetu. Karibu na Ndola kuna kumbukumbu ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekufa katika ajali ya ndege Septemba 1961 akienda kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo. Wazee wa Lubumbashi hawahitaji kuelezwa zaidi.

Fedha, lugha na chakula

Badilisha kiasi kidogo cha kwacha mpakani, cha mafuta na cha ushuru wa barabarani, kinachobaki ubadilishe benki Kitwe au Lusaka. Tofauti na kwetu, ambako dola hununua hata nyanya, dukani Zambia utalipa kwa kwacha. Noti za zamani, zenye sifuri tatu zaidi, ziliondolewa mwaka 2013, ukipewa, zirudishe. Kwenye malango ya hifadhi onyesha pasipoti kabla ya kulipa, kwa kuwa raia wa nchi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Kongo ikiwemo, wana kiingilio nafuu kuliko wageni wa mbali, na karani asiyeambiwa anaweza kukukatia tiketi ya bei ya juu.

Kifaransa hakitakusaidia. Kiingereza ndicho lugha ya ofisi, lakini kuanzia mpakani hadi Kapiri Mposhi watu huzungumza Kibemba, ambacho familia nyingi za Lubumbashi zinakielewa, na salamu ya «Mulishani mukwai» hufungua mazungumzo kuliko noti ya dola. Kusini zaidi ni Kinyanja, kisha Kitonga. Chakula hakitakuwa kigeni: nshima ni bukari, yaani ugali, na dagaa wanaoitwa kapenta tunawajua.

Ndani ya hifadhi

Vaa rangi za udongo na majani. Mbung'o wa Kafue na Luangwa huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na kuumwa kwao kunauma hata juu ya suruali nene. Beba sweta nzito na kofia ya baridi kwa Juni na Julai, kwa sababu gari la wazi saa kumi na mbili asubuhi huwa na baridi ambayo mtu haitarajii Afrika.

Usiache matunda ndani ya hema wala ndani ya gari. Tembo hunusa chungwa au embe kutoka mbali na hulifuata bila kujali kilicho katikati. Usichote maji wala kunawa ukingoni mwa mto, kwa sababu ya mamba, na usiku usisimame kati ya kiboko na maji. Huko Mosi-oa-Tunya nyani hunyakua mifuko mikononi mwa wageni, hasa watoto wanaokula wakitembea. Kula kabla ya kuingia. Mwongozaji akisema nyamaza au rudi nyuma, tii kwanza, uliza baadaye.

Wakati wa kurudi

Usinunue pembe, ngozi, meno wala nyama ya porini, hata ukiambiwa kibali kipo. Ni kosa la jinai katika nchi zote mbili, na vizuizi vya ukaguzi viko njiani. Vinyago vya mbao na vikapu havina shida, ila weka risiti zake. Panga kufika Kasumbalesa kabla ya mchana, ukiwa na kwacha chache za barabarani, kibali cha gari cha kurudisha dirishani, na pasipoti za watoto zikiwa juu ya mkoba.