Kabla Hujatuma Maombi ya Udaktari: Mambo ya Kuweka Sawa Nyumbani

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haipumui. Watoto wa majirani kutoka Igogo, ndugu wa Sengerema, hata wateja wa dawa, wote wana swali moja: "Dada, kwa alama hizi napata MD?" yaani shahada ya udaktari. Mimi ni mfamasia, si daktari, na ufamasia niliuingia baada ya udaktari kunikataa. Naomba lijulikane mapema, usije ukadhani anayekuandikia ni mtu aliyepanda kilima cha Bugando, kilipo chuo cha udaktari hapa Mwanza, mara ya kwanza akapokelewa kwa vigelegele.

Nilichojifunza ni kwamba kazi kubwa inapaswa kufanyika kabla ya majibu, moyo ukiwa bado umetulia. Siku ya majibu hakuna anayepiga hesabu vizuri. Aliyekataliwa anaona giza, na aliyekubaliwa ndiye hatari zaidi, maana anaahidi hata pesa ambazo baba yake hana.

Tuanze na alama, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi zinapojidanganya. Baraza la Mitihani linahesabu pointi kwa namna ambayo ndogo ndiyo nzuri: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Ukipata jumla ya 3 hadi 9 uko divisheni ya kwanza. Udahili wa vyuo vikuu unageuza mizani: A inakuwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S nusu. Baba anasikia "divisheni wani ya pointi 8" anachinja kuku. Lakini tuseme ni A ya Biolojia, A ya Kemia na S ya Fizikia. Pointi ni 8 kweli na divisheni ni ya kwanza kweli, ila S si ufaulu kamili, na udaktari unataka ufaulu kamili katika masomo yote matatu ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Huyo mtoto hana sifa, wakati mwenzake wa divisheni ya pili mwenye C, C na D anayo.

Kuwa na sifa nako si kupata nafasi. Kiwango cha chini kinachotajwa kwenye mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ni mlango wa kuingilia kwenye foleni. Ukiwa na D tatu, una 6 kati ya 15. Mbele yako wamesimama wenye 12, 13 na 14, na viti vya udaktari kwenye chuo chochote vinahesabika. Mimi nilikuwa na 8. Nilisoma mwongozo, nikaona nimevuka, nikajaza udaktari kila mahali, kama mtu aliyetega nyavu zake zote kwenye mwamba mmoja. Raundi ya kwanza ilirudi tupu. Kwa hiyo kabla hujajaza, panga chaguo zako kwa ukweli. Weka udaktari juu kama ndio unaoutaka, kisha chini yake kozi ambazo kweli utazisoma ukizipata: uuguzi, famasi, maabara, mionzi. Usiweke kozi ya kujazia nafasi. Ukichaguliwa kwenye kozi unayoidharau, utakaa darasani miaka kadhaa umenuna.

Karatasi sasa. Nenda katoe cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kama unayo, uvilaze kitandani pamoja, usome majina herufi kwa herufi. Huku kwetu ugonjwa mkubwa uko kwenye ile ng' ya Kisukuma. Ng'wandu anaandikwa Ngwandu shuleni, halafu Mwandu kwenye cheti cha kuzaliwa, na kompyuta inaona watu watatu. Kuna wanaotumia jina la babu sehemu moja na la ukoo sehemu nyingine. Dawa yake ni kiapo cha majina kwa wakili, na ni rahisi kukifanya Mei kuliko Agosti.

Cheti cha kuzaliwa kinahitajika tena kwenye mkopo. Bodi ya Mikopo inataka kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo nacho kihakikiwe. Mtu wa mjini ataona ni jambo dogo. Anayekaa Ukerewe anajua kwamba karatasi moja iliyosahaulika ni safari nzima ya meli kurudi Nansio. Fomu ya mkopo hupita pia kwa viongozi wa serikali ya mtaa na kwa wakili, na mwenyekiti wa mtaa naye ana misiba na shamba lake. Mfuate mapema, na mfuate kwa adabu.

Hapa kwenye steshenari nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wakilia. Wengi wetu hatujazi maombi wenyewe. Tunakwenda steshenari mjini, kijana anakaa kwenye kompyuta, anakuuliza maswali haraka haraka huku anamhudumia na mtu wa kutoa kopi. Hana ubaya, ila kuna vitu viwili usimwachie: baruapepe na namba ya simu. Kwangu mimi aliweka baruapepe aliyoitengeneza pale pale, akaandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi ya kalenda. Kipande kilifuliwa pamoja na sketi. Wiki nzima nilikuwa mgeni kwenye maombi yangu mwenyewe. Fungua baruapepe yako nyumbani, andika neno la siri ndani ya daftari, na namba ya simu iwe laini iliyosajiliwa kwa jina lako au la mtu mnayekula naye chungu kimoja. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, unatakiwa kuthibitisha chuo kimoja, na namba ya siri ya kuthibitishia huja kwa meseji. Laini ikiwa ya rafiki aliyehamia Geita, hesabu mwenyewe.

Na kuna JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Ukiitwa mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya waliomaliza kidato cha sita, unaweza kuwa Rwamkoma kule Mara au Bulombora kule Kigoma wakati dirisha la maombi liko wazi, na kambini simu huishiki unavyotaka. Kabla ya kuondoka, mteue mtu mmoja nyumbani, mmoja tu, awe na nakala za vyeti vyako, daftari lako la maneno ya siri, na orodha ya vyuo na kozi kwa mpangilio unaoutaka wewe. Ukiteua watatu, kila mmoja atadhani mwingine ameshatuma.

Pesa ni mada inayokwepwa mpaka siku ya mwisho. Iwekeni mezani. Udaktari ni miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa udaktari tarajali. Ada ya chuo cha binafsi inaweza kuizidi ya chuo cha serikali mara kadhaa. Mkopo unaweza kuja kamili, pungufu, au usije raundi ya kwanza, na bumu lenyewe, ile pesa ya kujikimu, huwa halifiki siku ile unayoripoti. Kwa hiyo waulize wazee swali lililonyooka: mkopo ukija nusu, nusu nyingine inatoka wapi? Ukija bila, ninaripoti au siripoti? Na wewe mwenyewe ujue kwamba mkopo ni deni: ukiajiriwa, makato ni 15% ya mshahara.

Mama yangu anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Kwa nyumba kama yetu kalenda ya pesa ni mwezi wa angani. Siku za giza karabai zinashuka ziwani, dagaa wanapatikana, pesa inaonekana. Mbalamwezi ikishatanda, mitumbwi inalala na mama anakula akiba. Tulikuja kugundua kwamba tarehe ya mwisho ya kulipa ilikuwa katikati ya mbalamwezi, akakopa kwa riba laki ambayo wiki mbili nyuma tulikuwa nayo ndani ya kopo. Andika tarehe zako za malipo pembeni ya kalenda ya anayekulipia, awe mvuvi, mkulima wa pamba au mwalimu anayesubiri mshahara. Na mtaji usiguswe. Nimeona kiwanja cha Buhongwa kikiuzwa ili mtoto akasome, na mwaka wa pili hakuna tena cha kuuza.

Sasa jaza majibu yote mawili. Chukua karatasi mbili, moja ya "ndiyo" na nyingine ya "hapana", uziandike kabla ya kutuma maombi.

Ya "ndiyo" ni fupi. Nani ataniambia tarehe ya kuthibitisha na ya kuripoti, nalala wapi wiki ya kwanza, fomu ya uchunguzi wa afya nitaijaza hospitali gani, nauli iko kwa nani. Ukichaguliwa vyuo viwili, unachagua kwa ada na gharama za kuishi au kwa jina? Binafsi ningechagua kwa ada, kwa sababu udaktari wa Mwanza, wa Moshi na wa Dar es Salaam wote husajiliwa na Baraza moja la Madaktari Tanganyika. Chuo cha hapa Bugando kilianza mwaka 2003, na faida yake kwa mtoto wa Mwanza ni kwamba anaweza kurudi kula kwao. Usiidharau faida hiyo ya chakula. Jiandae pia kwamba kuingia si kumaliza. Mwaka wa kwanza wa anatomia umewapa sapu, yaani mitihani ya marudio, watu waliokuwa vinara wa mkoa, na wapo waliodisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Zungumza na mwanafunzi wa mwaka wa pili kabla hujaenda, umwulize analala saa ngapi.

Ya "hapana" ni ndefu, na watu hawaiandiki kwa kuogopa kujitabiria mabaya. Mimi naona ni kama kubeba koti la mvua. Halijawahi kuiita mvua. Mstari wa kwanza: raundi ya pili. Vyuo hutangaza kozi zenye nafasi zilizobaki, na dirisha lake ni fupi, kwa hiyo uwe umeshajua utaomba nini. Ndiko nilikopata famasi. Mstari wa pili: kurisiti, yaani kurudia mtihani wa kidato cha sita, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wake huangukia miezi hii hii ya maombi, kwa hiyo ukiomboleza mpaka Desemba umechelewa. Risiti kama kuna sababu inayoeleweka ya kuanguka kwako, mfano uliumwa au shule haikuwa na mwalimu wa Fizikia. Kama ulisoma kwa nguvu zako zote na mwalimu alikuwepo, fikiri mara mbili. Mstari wa tatu: stashahada ya utabibu, miaka mitatu, maombi yake yakiwa chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Kliniko ofisa, yaani tabibu mwenye stashahada hiyo, akiwa na ufaulu mzuri anaweza kuomba udaktari baadaye, na hao huingia wodini wakiwa tayari wamezoea kushika mgonjwa.

Wiki hiyo hiyo atatokea mtu wa chuo cha nje. Ana picha za theluji na anataka kianzio haraka. Vyuo vizuri nje vipo, lakini kabla ya kutoa hata shilingi, uliza TCU kuhusu chuo hicho, maana ukirudi ndiyo itakayotathmini shahada yako. Na mtu anayekuambia "usiende TCU, watakuchelewesha", muage.

Lililobaki kwenye karatasi ya "hapana" si la kiofisi. Andika nani utampigia kwanza. Andika kwamba utatoka kwenye kundi la WhatsApp la darasa kwa siku tatu, maana siku hiyo kila mtu anatuma picha ya jina lake. Andika kwamba hutaamua lolote kubwa kabla ya kulala usiku mara mbili. Na umwombe mtu wa nyumbani akuangalie: wiki mbili zikipita huli, hulali, au unasema maneno ya kufa, usiachiwe maombi na ushauri wa mjomba peke yake. Hospitali za rufaa zina kliniki za afya ya akili, Bugando ikiwamo, na kwenda huko ni matibabu kama malaria.

Mwambie pia mama anyamaze. Hilo sikulifanya. Wangu alikuwa ameshawaambia wanawake wote wa Mwaloni kwamba anazaa daktari, hata mpima mizani alikuwa ananiita "dokta". Nilipompigia kumwambia jina halipo, nyuma yake nilisikia magunia yanatupwa na watu wanapatana bei. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Umekula?" Nikasema sijala. Akasema niende pale pale sokoni. Nilipofika, wale wanawake walikuwa wameshajua. Mmoja alinisogezea ndoo nikae, mwingine akanipa ugali na sangara, na kwa muda mrefu hawakuzungumza chochote isipokuwa bei ya dagaa wa Musoma.

Mpima mizani hakuacha kuniita dokta. Ananiita hivyo mpaka leo akija kununua dawa za presha, na nimeshachoka kumrekebisha.