Jinsi ya Kumpatia Mtoto Chanjo Zilizolipiwa na Serikali Nchini Marekani

Mzazi anayeishi Marekani bila bima ya afya mara nyingi huahirisha chanjo za mtoto kwa kuogopa bili. Hofu hiyo ina msingi kwa matibabu mengine mengi, lakini dawa ya chanjo ya mtoto anayestahiki huwa imekwisha kulipiwa na serikali kuu kabla haijafika kwenye jokofu la kliniki. Kazi ya mzazi ni kujua aende wapi, aseme nini mapokezini, na ni gharama zipi anazoweza kudaiwa kihalali.

Mpango huu unaitwa Vaccines for Children, yaani Chanjo kwa Watoto, na wahudumu huutaja kwa herufi tatu tu: VFC. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1993 na kuanza kazi Oktoba 1994, kufuatia mlipuko wa surua wa mwaka 1989 hadi 1991 uliowapata watu zaidi ya 55,000 na kuua zaidi ya 120. Ilibainika kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliougua hawakuwa wamechanjwa, ingawa wengi wao walikuwa wamekwisha kuonwa na daktari. Tangu hapo CDC, taasisi ya serikali kuu inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, huingia mikataba na watengenezaji, hununua chanjo kwa bei ya punguzo, na chanjo hizo hufikishwa bila malipo kwa madaktari na kliniki zilizojiandikisha kupitia idara za afya. Sheria imeufanya mpango huu kuwa haki ya kila mtoto anayestahiki, kwa hiyo hauna orodha ya kusubiria.

Anza kwa kuangalia kama mtoto wako anastahiki. Awe hajatimiza miaka 19, na awe katika mojawapo ya makundi haya: ana Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo) au anastahili kuipata, hana bima yoyote, ni wa jamii za Wahindi Wekundu au wenyeji wa asili wa Alaska, au ana bima isiyogharamia chanjo, au inayogharamia baadhi tu. Kundi hili la mwisho lina sharti la ziada, kwani huhudumiwa kwenye vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali kuu, kliniki za vijijini zinazotambuliwa, au vituo vingine vilivyopewa idhini maalumu. Uraia si sharti la mpango huu. Bima ambayo inagharamia chanjo, lakini inamtaka mzazi alipe kwanza kiasi fulani kutoka mfukoni, huhesabiwa kuwa bima kamili, na mtoto huyo hastahiki. Hata hivyo, chini ya sheria ya bima ya mwaka 2010, bima nyingi za sasa zinapaswa kulipia chanjo za kawaida za watoto bila kumdai mzazi chochote.

Ukipiga simu kuomba miadi, uliza swali moja la moja kwa moja: je, kliniki hii inashiriki katika mpango wa VFC, na inapokea watoto wapya? Daktari binafsi anayeshiriki halazimiki kumpokea mtoto asiye mgonjwa wake, kwa hiyo usikate tamaa akikataa. Piga simu idara ya afya ya kaunti, ambayo ama huchanja yenyewe ama itakuelekeza panapochanjwa.

Siku ya miadi nenda na kumbukumbu zote za chanjo, ikiwamo kadi ya kliniki kutoka nchi uliyotoka au kambi ya wakimbizi, kwa sababu dozi iliyoandikwa pamoja na tarehe yake kwa kawaida hukubaliwa, na mtoto huepushwa sindano ya kurudiwa. Omba mkalimani kama unamhitaji. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupatia bila malipo.

Mapokezini utaulizwa kuhusu bima, na utaulizwa tena kila utakaporudi. Si kwamba wanakushuku. Chanjo za VFC na zile ambazo kliniki imezinunua kwa fedha yake hutunzwa zikiwa zimetenganishwa na kutiwa alama, na muuguzi anapaswa kujua achukue kutoka akiba ipi kabla ya kufungua jokofu. Jibu lako la mdomo linatosha. Mpango haudai uthibitisho wa kipato. Kosa ninaloliona likiwagharimu wazazi wengi ni kutoa kadi ya bima iliyokwisha muda kwa kuwa bado imo kwenye pochi. Kadi hiyo humtoa mtoto kwenye mpango papo hapo, na bili kamili hufuata. Kama Medicaid imesitishwa, sema hivyo.

Sasa gharama, ambazo ni tatu na hazifanani. Ya kwanza ni dawa yenyewe, na hiyo kwa mtoto wa VFC haidaiwi kamwe. Ya pili ni ada ya kuchoma sindano, ambayo ina kikomo kilichowekwa kwa kila jimbo. Mwenye Medicaid hudaiwa kupitia Medicaid, na wengine wanaweza kudaiwa, lakini asiye na uwezo wa kulipa ada hiyo hapaswi kunyimwa chanjo, wala deni lake kupelekwa kwa kampuni za kukusanya madeni. Ya tatu ni gharama ya kuonana na daktari, na hapa ndipo wengi hushtuka, kwa sababu mpango wa VFC hauigusi. Ukiwa unataka chanjo tu, uliza kabla kama mtoto anaweza kuchanjwa na muuguzi bila kufanyiwa uchunguzi kamili.

Bili ikija, isome mstari kwa mstari. Ukiona umetozwa bei ya dawa ya chanjo, piga simu ofisi ya malipo ya kliniki, wataje tarehe ya chanjo, na uwaeleze kwamba siku hiyo mtoto alistahiki VFC. Wasiporekebisha, wasiliana na kitengo cha chanjo cha idara ya afya ya jimbo lako, kwa kuwa ndicho kinachosimamia kliniki zilizomo katika mpango.