Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupaka Steini Baraza la Mbao na Reli Zake

Anza kwa kupima reli, maana reli ndizo zinazokula muda na steini, yaani rangi nyepesi inayopenya ndani ya mbao. Sakafu ya mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12 tu. Sasa chukua reli ya urefu wa mita 10, yenye fito za sentimita 4 kwa 4 zilizosimama kila baada ya sentimita 14, kila ufito ukiwa na kimo cha sentimita 90. Hizo ni fito kama 70, na kila ufito una pande nne za kupakwa. Jumla yake inafika mita za mraba 10 hata kabla hujagusa nguzo na mbao za kushikia. Anayepiga hesabu ya sakafu peke yake huishiwa steini akiwa bado kwenye reli.

Lita moja hufunika takriban mita za mraba 4 hadi 7. Mbao kuukuu, au zisizopigwa randa, hunywa sana, kwa hiyo zihesabie 4. Ukinunua makopo kadhaa ya rangi ileile, yamimine yote kwenye ndoo moja na ukoroge hadi chini kabisa. Kopo na kopo huweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo ikiangukia katikati ya ubao haifichiki.

Kisha uliza mbao zenyewe kama ziko tayari. Nyunyiza matone ya maji sehemu kadhaa, pamoja na juu ya mbao za kushikia. Maji yakinywewa ndani ya dakika moja au mbili, steini nayo itapenya. Yakibaki yamesimama kama shanga, kuna mambo mawili: ama mbao bado ni mbichi, ama zina vanishi au rangi ya zamani inayoziba. Mbao mpya zilizowekewa dawa kiwandani huweza kuhitaji wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya kukauka vya kutosha. Kama una kipimo cha unyevu, subiri kishuke chini ya asilimia 15. Rangi ya zamani lazima iondolewe. Steini ikipakwa juu yake hubaki kama ngozi nyembamba, kisha hubanduka mahali miguu inapopita zaidi.

Osha kwa sabuni maalumu ya mbao na brashi ngumu ya nailoni. Usitumie brashi ya waya: vipande vya chuma hukwama ndani ya mbao na kuacha madoa meusi. Mashine ya maji ya shinikizo inafaa ikiwa imepunguzwa nguvu, la sivyo itachambua nyuzi za mbao zisimame kama manyoya. Baada ya kusuuza, acha angalau siku mbili za jua.

Misumari na skrubu zilizochomoza zizamishwe kabla ya msasa. Sakafuni tumia msasa namba 60 hadi 80. Kwenye reli, ambako mikono hupita, namba 80 hadi 100. Hapa wengi hujitahidi kupita kiasi. Msasa laini sana hung'arisha uso na kufunga vinyweleo vya mbao, steini ikakosa pa kuingilia. Vaa barakoa, hasa kwa mbao za zamani, kisha ondoa vumbi lote.

Chagua siku ya mawingu mepesi, joto kati ya nyuzi 10 na 30, bila dalili ya mvua kwa saa 24 zinazofuata. Jua kali hukausha steini kabla haijazama, na kila mahali brashi inapokutana na sehemu iliyokwisha kukauka huzuka mstari mweusi ambao ni vigumu sana kuuondoa.

Vifaa viwe karibu kabla ya kufungua kopo: brashi ya sentimita 10 ya mbao za sakafu, ya sentimita 5 ya pembe na viungo, na glovu ya manyoya ivaliwe juu ya glovu ya mpira. Glovu hiyo ndiyo inayookoa siku nzima: ichovye, ikamue kidogo, shika ufito juu na uteremke nao, pande zote nne kwa mpigo mmoja. Steini ya mafuta itake brashi ya manyoya asilia. Ya maji itake ya nailoni, kwa sababu manyoya asilia hunywa maji na kulegea.

Tandika turubai chini, kisha paka reli kwanza, juu kwenda chini. Tone likianguka kwenye sakafu, lifute papo hapo. Sakafu ifuate, mbao mbili au tatu kwa wakati, kutoka mwisho hadi mwisho bila kusimama katikati, ukielekea kwenye ngazi ili usijifungie. Kinachobaki juu baada ya dakika 15 kifutwe kwa kitambaa. Kikiachwa hubaki kinanata.

Matambara ya steini ya mafuta yasirundikwe kamwe. Yanapokauka hutoa joto, na rundo huweza kuwaka lenyewe. Yatandaze moja moja nje, au yazamishe kwenye maji ndani ya debe la chuma lenye kifuniko.